Mwendo wa nani? Kupanda Kilimanjaro peke yako au na kundi

Kilimanjaro hakuna kupanda peke yako. Wengi hugundua hilo wakiwa wameshaomba likizo. Hifadhi inataka kila mpandaji awe na mwongozaji mwenye leseni, na kampuni iliyosajiliwa ndiyo inayoshughulikia vibali. Kwa hiyo anayesema "nitapanda mwenyewe" ana maana kwamba atakuwa mteja mmoja mwenye mwongozaji wake, mpishi wake na wagumu watatu hadi watano, kutegemea njia. Wagumu ni wapagazi. Ukifika Moshi au Marangu, hilo ndilo jina utakalolisikia, na ukimwona mtu na mzigo wa kilo 20 kichwani anakupita kwenye kona ya kupandisha huku anakusalimia, utaelewa limetoka wapi.

Zinabaki njia tatu. Unaweza kuwa mteja pekee. Unaweza kujiunga na msafara ambao kampuni imeshaupangia tarehe, ukapanda na watu usiowajua. Au mnaunda kundi lenu wenyewe: wa kazini, wa kanisani, wa klabu ya jogging. Watu huzilinganisha kwa bei. Bei ina uzito wake, lakini kinachoamua kama utafika na utashuka salama ni mwendo, yaani nani anaupanga na nani anaruhusiwa kuuvunja.

Tuimalize bei kwanza. Gharama za mlima ni za aina mbili. Zipo zinazohesabiwa kwa kichwa, hasa ada za hifadhi, na zipo zisizojali mko wangapi: mwongozaji mkuu, mpishi, gari la kutoka Moshi hadi getini, hema la kulia chakula, choo cha kubebeka. Mgeni kutoka nje hutozwa, kwa viwango vilivyozoeleka, dola 70 za uhifadhi kwa siku na dola 60 kwa usiku wa kulala kwenye vibanda vya njia ya Marangu, au dola 50 akilala kambini, pamoja na dola 20 za uokoaji. Siku 6 za Marangu zina usiku 5, hivyo ni 420 na 300 na 20, jumla 740. Weka VAT ya asilimia 18, inafika takriban dola 873. Fedha hiyo haipungui hata senti akija na wenzake kumi.

Raia wa Afrika Mashariki analipa ada ndogo sana ukilinganisha na hiyo. Maana yake, sehemu kubwa ya bei anayotajiwa Mtanzania au Mkenya ni gharama za watu na vifaa, zile zinazogawanyika. Kwa hiyo kundi linampunguzia mwenyeji kwa kiwango kikubwa kuliko linavyompunguzia mgeni. Ukikuta tangazo lililoandikwa kwa ajili ya wageni linasema tofauti kati ya kupanda mmoja na kupanda sita ni ndogo, si uongo. Ila hesabu hiyo si yako.

Bahshishi nayo hupigwa kwa msafara mzima. Viwango ambavyo wageni huelekezwa ni takriban dola 20 kwa siku kwa mwongozaji mkuu, 15 kwa msaidizi, 12 kwa mpishi na 6 au zaidi kwa kila mgumu. Mteja pekee wa Marangu mwenye mwongozaji, mpishi na wagumu watatu kwa siku 6 atatoa 120, 72 na 108, jumla 300. Sita wenye mwongozaji, wasaidizi wawili, mpishi na wagumu 12 watatoa 120, 180, 72 na 432, jumla 804, sawa na 134 kwa kila mmoja. Raia hutoa kwa shilingi na kwa kadiri ya uwezo, lakini uwiano ni ule ule.

Sasa mtego wa kundi la kujiundia. Kundi la WhatsApp lina watu 22, kila mmoja ameweka emoji ya mlima. Mwezi mmoja kabla, waliolipa chochote ni wanane. Wiki mbili kabla wanabaki watano, mmoja kahamishiwa mkoa mwingine, mmoja ana msiba. Bei mliyopewa ilikuwa ya watu kumi. Kampuni inaomba nyongeza, mratibu anaonekana amekula hela, na safari inaanza watu wameshanuniana. Dawa ni karatasi: omba bei tatu kwa maandishi, ya watu 10, ya 6 na ya 4, na wachangiaji wote waone zote tatu tangu siku ya kwanza. Kisha wekeni tarehe ya mwisho ya kulipa malipo ya awali yasiyorudishwa. Asiyelipa siku hiyo abaki kwenye kundi kwa ajili ya picha.

Turudi kwenye mwendo, maana hapo ndipo penye uzito.

Angalia vituo vya Marangu. Mandara ni mita 2,720, Horombo 3,720, Kibo takriban 4,720. Kila unapohama kituo unapanda mita elfu moja. Madaktari wa milimani hushauri kwamba ukishavuka mita 3,000, mahali unapolala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, ili mwili uizoee hewa haba. Marangu inakiuka ushauri huo mara mbili, kwa kuwa vibanda viko vilipo na havisogei. Ndiyo maana siku 6 ni bora kuliko 5: siku ya ziada unalala tena Horombo, mchana unapanda hadi Zebra Rocks, karibu mita 4,000, kisha unarudi chini. Kundi la marafiki linalobana bajeti hukata siku hiyo kwanza. Lisiikate. Kateni fulana za sare.

Mteja pekee ana faida moja kubwa, kwamba mwendo ni wake. Lakini wengi huitumia vibaya. Mwongozaji amepanda mara mia kadhaa, miguu yake haijui uchovu wa mita 3,500, na wewe hutaki kuonekana mzembe. Bila mtu mwingine wa kuwachelewesha, mnajikuta Mandara saa saba mchana badala ya saa tisa, na Horombo vilevile. Kuwahi hakuna zawadi. Mwili haujapata muda zaidi wa kuzoea, umechoshwa tu. Kipimo ni mdomo. Ukishindwa kusema sentensi nzima bila kukatisha kuvuta pumzi, mwendo ni mkali. Mwambie mwongozaji hivyo, kwa Kiswahili, bila aibu. Hapa Mswahili ana bahati kuliko mgeni, maana haombi kupunguziwa mwendo kwa lugha ya kubahatisha.

Kwenye kundi, kasi ni ya aliye nyuma kabisa, au inapaswa kuwa. Mara nyingi mbele anatangulia kijana wa mazoezi, katikati kuna watu wanaomfukuzia, na mwisho yuko mama mmoja ambaye kila akiwafikia waliopumzika, wao ndio wananyanyuka. Yeye hapumziki kabisa. Baada ya siku mbili anaonekana dhaifu, kumbe hakuwahi kupewa dakika tano. Kundi lolote, la marafiki au la kujiunga, liweke wa polepole zaidi nyuma tu ya mwongozaji anayetangulia, na mapumziko yahesabiwe tangu yeye anapokaa.

Usiku wa kilele ndio hesabu inapoonekana. Chukua kundi la wateja 6 lenye mwongozaji mmoja na msaidizi mmoja. Mnatoka Kibo saa sita usiku. Baridi ni nyuzi 10 hadi 20 chini ya sifuri, njia ni changarawe inayoteleza nyuma kidogo kwa kila hatua mbele, na mnachoona ni visigino vya aliye mbele ndani ya mwanga wa taa ya kichwani. Saa saba na nusu mmoja anatapika na kuanza kuyumba. Msaidizi anashuka naye. Wamebaki watano na mwongozaji mmoja. Mwendo sasa ni wa aliye dhaifu kati ya watano. Kila anaposimama wote wanasimama, na ukisimama zaidi ya dakika tatu vidole vinaanza kufa ganzi. Saa tisa, karibu na pango la Hans Meyer kwenye mita 5,150 hivi, wa pili anasema hawezi. Nani anashuka naye? Hakuna aliyebaki. Ama wote wanageuka, wanne wakiwa wazima, ama mgonjwa anaachwa kwenye jiwe asubiri, na hilo la pili halikubaliki hata kidogo.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, uliza: usiku wa kilele, wateja wangapi kwa mwongozaji mmoja? Jibu zuri ni wawili. Watatu ndio mfano wa hapo juu. Kampuni ikijibu "msiwe na wasiwasi, vijana wetu wana uzoefu", hujajibiwa. Baadhi ya kampuni huandaa mgumu mmoja au wawili waliofunzwa kupanda hadi juu usiku huo. Hao wanasaidia sana kushusha mtu, ila uwe umehakikisha kwamba wana nguo za baridi hiyo na wanalipwa kwa usiku huo.

Mteja pekee naye asijidanganye kwamba mwongozaji mmoja kwa mteja mmoja ni uwiano bora kuliko wote. Kwa kutembea ni kweli. Lakini ukilegea miguu kwenye mita 5,400, mtu mmoja hawezi kukubeba kwenye changarawe zile. Machela ya gurudumu moja, ile inayoshusha wagonjwa, nayo inataka watu kadhaa. Lipia msaidizi.

Kuna hatari nyingine ambayo kundi huitengeneza na haiandikwi kwenye matangazo: kuficha ugonjwa. Nepal, madaktari waliochunguza vifo vya ugonjwa wa mwinuko, ule unaompata asiyezoea hewa haba ya juu, waliona kwamba wengi wa waliokufa walikuwa kwenye misafara ya vikundi iliyopangwa. Sababu haihitaji darasa. Mtu kaumwa kichwa, hana hamu ya kula, usiku hakulala. Anajua akisema atawachelewesha wenzake, basi anasema "niko fiti". Kwenye kundi la kazini ni mbaya zaidi. Bosi hataki kushindwa mbele ya wafanyakazi wake, na karani hathubutu kugeuka kabla ya bosi. Kubaliana mapema, mkiwa bado Moshi mnakula, kwamba anayeshuka hamshushi mwingine, na kwamba hakuna anayeombwa maelezo. Mwongozaji mzuri humtenga kila mteja na kumuuliza peke yake jioni. Akiuliza mezani mbele ya wote, "wote wazima?", atajibiwa "wazima" na watu wenye homa.

Dalili za kuzijua kwa moyo ni chache. Kichwa kinachouma pamoja na kichefuchefu na uchovu ni onyo: usipande zaidi mpaka vipungue. Kukosa pumzi ukiwa umekaa, kikohozi chenye povu, kuchanganyikiwa, au kushindwa kutembea mstari mmoja kisigino kikigusa kidole, hayo ni ya kushuka sasa hivi, hata kama ni usiku wa manane. Dawa ya acetazolamide, wengi huijua kama Diamox, hutumika kuzuia, kwa kawaida miligramu 125 mara mbili kwa siku kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Mwone daktari kwanza, hasa kama dawa za salfa zinakudhuru. Itakukojoza mara kwa mara na kukuwasha ncha za vidole. Haifichi ugonjwa mkubwa wala haichukui nafasi ya kushuka.

Aliye peke yake hafichi ugonjwa kwa ajili ya wenzake, ila ana tatizo lake: usiku hakuna anayemwona. Mwenzako wa hema ndiye king'ora. Yeye ndiye anayesikia unavyokohoa saa nane, na kugundua kwamba unaongea visivyoeleweka. Aliyechanganyikiwa hajijui kwamba amechanganyikiwa. Kwa hiyo mteja pekee apange na mwongozaji aje mlangoni saa tatu usiku na alfajiri, asikie sauti, apime oksijeni kwa kile kifaa cha kubana kidoleni na aandike namba. Namba moja peke yake haina maana kubwa. Kinachosomwa ni jinsi inavyobadilika, na mtu mwenyewe anaonekanaje.

Njia nayo ina neno lake. Ukitaka upweke wa kweli, Marangu si mahali pake. Kibo ni jengo la mawe lenye vyumba vya vitanda vya ghorofa. Utalala na watu usiowajua hata kama umelipia safari ya binafsi, na saa tano usiku taa zao zitakuamsha. Machame ni ya mahema, kila msafara na wake, na inapitia Lava Tower, karibu mita 4,600, kabla ya kushuka kulala Barranco kwenye mita 3,960 hivi. Kupanda juu na kulala chini namna hiyo kunausaidia mwili. Ubaya wa Machame ni asubuhi ya ukuta wa Barranco. Mahali pengine panapita mtu mmoja mmoja, na misafara mingi huondoka asubuhi kwa pamoja. Kundi kubwa linakwama kwenye foleni kwenye kivuli cha mwamba, na baridi inaingia. Mteja pekee anaweza kumwomba mwongozaji waondoke saa tatu, jua likiwa limefika na foleni imekatika. Wagumu wakitaka kupita, egemea upande wa mwamba, wao wapite upande wa bonde. Magongo yafungwe kwenye begi, maana pale mikono ndiyo inayofanya kazi.

Kwa chakula, kundi la mchanganyiko hula menyu moja, na menyu hiyo imepangwa kwa mgeni: tambi, supu, chapati za maji, matunda. Supu za wapishi wa mlimani ni nzuri, hilo halina ubishi. Lakini juu ya mita 4,000 hamu ya kula hufa, na chakula ulichokizoea ndicho hupita kooni. Kundi la Watanzania watupu, au mteja pekee, linaweza kuagiza ugali na mtori tangu Moshi. Ukijiunga na wageni, ongea na mpishi siku ya kwanza kwa heshima. Ugali wa wagumu unapikwa kila siku mita chache kutoka hema lako.

Mwanamke anayepanda peke yake aulize mambo matatu kabla ya kulipa. Hema ni lake au atachanganywa na nani? Kuna mwongozaji au msaidizi wa kike? Na choo? Choo cha kubebeka kwa mtu mmoja ni ghali kwa sababu kina mgumu wake wa kukibeba. Kwa watu sita ni karibu bure. Hilo tu limewatosha wengi kuchagua kundi, na ni sababu halali kabisa.

Kundi kubwa lisisubiri asubuhi ya safari kukodi vifaa. Watu 12 wakifika dukani Moshi saa mbili asubuhi, viatu namba 42 vitaisha kwa watatu wa kwanza, na wa nne atapanda na 43 na soksi mbili, kisha kucha zitamwacha wakati wa kushuka. Jaribuni jana yake. Fungua na kufunga kila zipu ya begi la kulalia mara mbili. Usiku wa kilele chupa ya maji ibebwe kichwa chini, kwa kuwa barafu huanza juu. Mrija wa begi la maji utaganda kama hupulizi maji yarudi ndani baada ya kila funda. Simu ikae kifuani, ndani ya nguo.

Desemba iangaliwe kwa jicho lake. Tangu Luteni Alexander Nyirenda aliposimamisha bendera na mwenge kileleni usiku wa Uhuru wa 1961, tarehe 9 Desemba imebaki na mvuto wake, na misafara mikubwa ya Watanzania huelekea juu siku hizo. Anayetaka shangwe, nyimbo na bei ya pamoja atafurahi. Anayetaka mwendo wake mwenyewe achague mwishoni mwa Januari, Februari, au Septemba, na aanze siku isiyo ya wikendi.

Siku ya mwisho, bahshishi. Kwa kundi, mmoja apewe kazi ya kukusanya mkiwa bado kambi ya mwisho, maana getini kuna vyeti, soda na gari linalopiga honi. Andikeni majina ya wagumu wote na kiasi cha kila mmoja, msome kwa sauti mbele yao, kisha kila mtu apewe mkononi. Fedha ikikabidhiwa mtu mmoja ndani ya bahasha, mgumu wa mwisho kwenye orodha anaweza asijue ilikuwa kiasi gani. Aliyepanda peke yake hufanya kazi hiyo hiyo kwa dakika tano, akiwajua wote kwa majina.